Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuta maneno yangu yametundikwa ukutani kwa fundi cherehani. Yangu mimi!

Nilikwenda kubadilishiwa zipu ya suruali. Fundi akanipa kipande cha pazia nijifunge kiunoni wakati anashona, nikawa nimesimama pale miguu wazi kama mtu aliyetoka kuoga. Nikatazama ukuta kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Juu ya cherehani kuna fremu. Ndani yake kadi ya msiba, ya mkewe. Karatasi naijua, ni ya kwetu, ile nzito yenye kingo za kijivu. Chini ya picha: "Umetutoka, na maji bado ni ya vuguvugu."

Nimesoma mara tatu. Fundi akaniona nasoma, akasimamisha cherehani. Akasema alichagua mwenyewe kwenye kitabu cha sampuli, namba 41, na alipoyasoma alilia palepale kaunta, mtu mzima, mbele ya watu. Nikamwuliza maji gani. Akasema kwa anavyoelewa yeye ni machozi.

Machozi!

Miaka kumi na moja naandikia watu kadi. Harusi, msiba, mtoto kazaliwa, mtoto kafaulu mtihani. Mteja anafungua kitabu, anachagua namba, tunachapa. Kila namba nimeitunga mimi na naijua kama vidole vyangu. Lakini ukurasa huo sikuwahi kuufungua tangu kitabu kipya kitoke — misiba siifungui siku hizi. Na maneno haya sikuyatungia kitabu. Niliyaandika kwenye daftari langu la nyumbani mwaka jana, siku aliyofariki mke wangu. Na hayakuwa hivyo! Yalikuwa maji ya vyombo. Maji ya kuoshea vyombo, ndani ya beseni, jikoni kwangu. Nani ameviondoa vyombo?

Zipu imeshonwa upande. Nimeivaa hivyohivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika kazini kabla mlango haujafunguliwa. Nikamngoja Miwani kwenye ngazi.

Miwani ndiye anayepanga kurasa kwenye kompyuta. Mtu wa makamo, mpole, anapumua kwa mdomo. Jina lake halisi nadhani hata Bosi amelisahau. Nimemwuliza hata salamu sijampa: 41 umeitoa wapi? Akasema kwenye trei.

Trei! Ile ya waya, ya kijani, iliyo kati ya meza yangu na yake. Sheria ya ofisi: kilichomo kwenye trei kimepita, kichapwe, mtu asiulize. Na sheria hiyo niliiweka mimi. Nilichoka na maswali yake — hii umemaliza? hii niikoleze wino? hapa pana nukta? — nikamwambia mbele ya Bosi, ukikiona kwenye trei kimekwisha, usinisumbue. Bosi alifurahi mpaka akaiandika sheria na kuibandika ukutani. Ipo pale mpaka leo, imepauka.

Anasema daftari langu lilikuwa humo, Juni mwaka jana, limefunguliwa ukurasa huo, juu yake zimelala kadi za mitihani. Kitabu kipya kilikuwa kinapungukiwa mstari mmoja sehemu ya misiba. Akachukua, akanirudishia daftari mezani. Sikumbuki. Miezi ile nilikuwa nalibeba daftari kila mahali na silisomi. Huenda nilinyanyua rundo zima na kulitupa kwenye trei bila kutazama. Huenda! Ni mimi tu ningeweza.

Na vyombo? Vyombo umevipeleka wapi? Akavua miwani, akaifuta, akasema vyombo havina heshima kwenye kadi ya msiba.

Nilitaka kumrushia ile trei. Nimeishika kabisa. Nikairudisha. Nitafute mwingine wa kumkasirikia, maana mwenye kosa namnyoa ndevu kila asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi ametangaza asubuhi, viganja anavisugua: hakuna namba ya msiba inayochaguliwa kama 41. Kufa kufaana, na yeye hata haoni haya.

Nimekaa kaunta makusudi nisikilize. Mama mwenye mwavuli amemwambia dada yake kwamba hayo ni maji ya uzima. Mzee mmoja kasema ni maji ya kumwogeshea mgonjwa, kwa sababu ndivyo alivyomwogesha kaka yake hadi siku ya mwisho. Wa tatu ameweka kidole juu ya namba akakiacha hapo. Nikatazama kile kidole. Kucha za mkono wa kushoto zimekatwa vizuri, za kulia zimekatwa ovyo. Mtu anajua kwamba amebaki peke yake siku anapofika kwenye kucha za mkono wa kulia.

Huo ni mstari! Nimeuandika nyuma ya risiti. Zamani ningetembea nao siku nzima mdomoni kama peremende. Leo nimeukata kwa kalamu mpaka risiti imetoboka. Wa nini? Uishie kwenye trei, Miwani auondolee kucha kwa kuwa hazina heshima?

Mchana nimehangaika na kadi ya harusi. "Mapendo yenu yawe..." Yawe nini? Saa tatu nzima. Yawe nini, mjinga wewe! Ukweli ni kwamba mwaka mzima sijatunga kitu. Nageuza vya zamani kama fundi anayegeuza kola ya shati lililochakaa. Harusi ya tano naichanganya na ya kumi na tisa, napewa asante. Hakuna aliyegundua. Hata hilo linaniudhi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda nyumbani. Kosa kubwa.

Jirani wa ghorofa ya juu anajifunza tarumbeta. Wimbo mmoja tu, na anakwama palepale kila mara, sauti inapotakiwa kupanda. Anaanza upya. Anakwama. Asubuhi nzima! Nimepanda ngazi nikiwa nimeyapanga matusi kwa ukubwa. Mlango kafungua mama wa miaka sitini hivi, midomo imevimba, jasho linamtoka, furaha tupu. Kabla sijatamka kitu akaniuliza: inasikika mpaka chini? Nikasema inasikika. Akasema afadhali, alidhani haitoki kabisa.

Nimeshuka na matusi yangu yote mfukoni. Miaka sitini, anapuliza kitu asichokijua, madirisha wazi, wala haoni aibu. Nimemwonea wivu hadi nikakasirika upya.

Nimekula kwenye sufuria, nimesimama. Ndivyo ninavyokula. Sahani ziko kabatini na beseni liko nyuma ya mlango, sijaligusa tangu Machi ile. Kijiko kimoja na sufuria moja, unasuuza chini ya bomba, basi. Mtu akiniuliza nitasema nabana maji.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amepiga simu. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, mtu ambaye akikupa sentensi mbili siku hiyo amefurahi. Leo kanipa tatu. Tarehe 22 unatimia mwaka. Watu watakutana kwa mama, na mama anataka kadi ya kuwapa. Mama amesema aandike mkwe, si ndiyo kazi yake.

Nimesema sawa. Ningesema nini? Mama mkwe haambiwi hapana, hata kwa simu ya mtu mwingine.

Sijamwona tangu wiki ya mazishi. Natuma salamu, natuma sukari, natuma dawa zake kupitia shemeji. Naye anarudisha asante kwa njia ileile. Tunaishi vizuri hivyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Sasa anataka nifunue!

Na wamenikasirisha kweli, mama na mwana. Mtu unafiwa, halafu unaambiwa tunga. Fundi seremala akifiwa na mkewe wanampa msumeno?

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia kwa Bosi nikiwa nimetulia. Nimejisifu kwa kutulia kwangu ngazi nzima. Nikamwambia 41 ni ya kwangu binafsi, imeingia kwa bahati mbaya, naomba itolewe kitabuni.

Amenisikiliza vizuri. Amenipa hata kiti. Kisha akasema pole sana, hakujua, na kwamba sasa anaelewa kwa nini ni tamu vile — imetoka moyoni! Na kwa kuwa imetoka moyoni, je, naweza kumpatia nyingine tano za namna hiyo? Za maji. Umande, mvua, mto, chochote, mimi ndiye ninayejua. Tuzipange pamoja, ukurasa wa katikati.

Nyingine tano!

Sikumbuki vizuri nilichosema. Nakumbuka neno "fisi" lilitoka. Mlango niliufunga kwa nguvu ukarudi wenyewe ukafunguka, nikalazimika kurudi kuufunga mara ya pili, taratibu, Bosi akinitazama. Hata hasira yangu haijui kutoka mlangoni.

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Mbele ya duka la vioo wafanyakazi wawili walikuwa wamebeba kioo kirefu, na mtaa mzima ulikuwa unatembea ndani yake kichwa upande, mimi pamoja nao. Nimesimama. Nimekunja uso, na yule wa kwenye kioo akakunja. Sura ya mtu anayetafuta ugomvi na hana wa kugombana naye. Sikuandika chochote. Nimeandika sasa tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechana ukurasa. Saa ya chakula, kaunta tupu, nimeuchana kutoka kitabu cha sampuli, namba 38 mpaka 43, nimeukunja, nimeutia mfukoni. Nikajisikia vizuri kama dakika nne.

Miwani akarudi, akaona. Hakupiga kelele. Ametoa mwingine kwenye mashine, akaubandika kwa gundi, akaulaza chini ya kamusi ukauke. Ningependa angepiga kelele! Nikaanza mimi. Nikamwita mwizi. Nikamwambia amenivua nguo mbele ya mji mzima, ameuza kilio changu kwa mafundi cherehani, na hata kilio chenyewe amekiharibu.

Akaniachia nimalize. Kisha akasema, polepole, akipumua vilevile: kaka, mimi ukurasa ule niliusoma wote. Nilichukua mstari wa juu. Ya chini niliyaacha, nikafunga daftari. Sikumwambia Bosi, sikumwambia mtu. Nilikusitiri.

Nikatoka nje. Nimesimama chooni muda mrefu, bomba linatiririka.

Kwa hiyo anajua. Kuna mtu mmoja ofisini anayejua, na kila siku anakaa mita mbili kutoka kwangu ananiuliza kama niikoleze.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelitoa daftari la zamani kwenye droo. Sikuwa nimelifungua tangu siku ile, au tangu lilipotoka kwenye trei, sijui tena. Naunakili ukurasa hapa, wote, maana ukibaki kule peke yake utaniua.

"Saa tatu na robo asubuhi. Ameondoka. Maji ya vyombo bado ya vuguvugu. Kaosha vikombe viwili, vingine kaviacha. Haya, wa kumalizia nani? Mimi! Mama yake akipiga chafya tu, yeye huyo mlangoni. Nimeoa mtu au nimeoa ukoo?"

Huo ndio mstari unaoliza watu. Manung'uniko ya mwanamume aliyeachiwa vyombo.

Saa niliandika kwa sababu siku hizo nilijiona mtunzi, na watunzi huandika saa. Mama mkwe alikuwa amepiga simu, dawa zake za presha zinakwisha, anaomba aletewe. Mke wangu akafuta mikono kwenye gauni. Nikamwambia nina kazi ya kumaliza, mkono mmoja hauchinji ng'ombe, mama yako hana mwingine? Akacheka. Alikuwa anacheka ninapokasirika, hilo ndilo lililonipandisha mori zaidi. Akavaa viatu. Akasema anarudi sasa hivi, viache vyombo, nitaviosha nikirudi. Na mimi nikamwambia — niliandika kila kitu siku hiyo isipokuwa hili, na sijalisema mbele ya mtu yeyote — nikamwambia: "Nenda, na ukae hukohuko."

Saa nne na nusu simu ikalia. Ameanguka kwenye ngazi za duka la dawa. Moyo. Hakuna aliyejua kwamba moyo wake ulikuwa mbovu, hata yeye.

Akakaa hukohuko.

Nimeandika. Haya, limeandikwa. Nilitarajia nitajisikia nafuu na sijisikii nafuu. Nimekasirika tu kwamba mwandiko wangu ni mzuri, hata hapo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempa shemeji rasimu ya kadi jana jioni. Nilikaa nayo dakika kumi na tano. Nuru ya nyumba imezimika, mwanga wake ungali unatuongoza, pumzika kwa amani mama wa upendo. Ni 33 na 36, nimezishona pamoja, mshono hauonekani. "Mama wa upendo", na hatukujaliwa mtoto! Nilisahau kulitoa. Kwa mke wangu mwenyewe!

Shemeji amepiga simu leo mchana. Sentensi mbili. Mama amesomewa mara mbili. Mama amesema atakuja mwenyewe.

Nimemwuliza atakuja lini, akawa ameshakata.

Jumanne, 18 Machi

Amekuja.

Naandika haya yeye akiwa amekaa mbele yangu, upande wa pili wa meza, mkoba magotini. Anadhani natunga. Nimemwambia anipe muda kidogo nitunge, nikavuta daftari hili kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Kwa hiyo natunga. Kalamu isisimame tu.

Aliingia saa nne. Nilisikia sauti yake kaunta kabla sijamwona, nikasimama, kiti kikaanguka nyuma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mkwe wangu, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Akasema nimekonda. Kisha akasema hakuja kuniambia nimekonda.

Bosi, mwenye adabu zake za wateja, alishamwonyesha kitabu cha sampuli. Alishamwambia kwa fahari kwamba 41 ni ya kwangu, imetoka moyoni. Mama mkwe kakibeba kitabu mpaka mezani kwangu, kidole ndani kama alama. Akakifungua.

"Maji gani haya?"

Wote nimewaachia waseme wanavyotaka, machozi, uzima, mgonjwa. Yeye sikuweza. Nikasema ya vyombo, mama.

"Ndiyo. Alikuwa anaosha vyombo nilipopiga simu, nilisikia vikombe." Akafunga kitabu. "Sasa wewe kwa nini umeficha vyombo?"

Miwani alikohoa upande wa pili wa trei. Nilimtazama kwa jicho ambalo nadhani amelielewa, akachukua rundo la karatasi akaenda nalo kwenye mashine. Mtu mwema, shetani yule.

Nikamwambia mama nitamwandikia nyingine, nzuri zaidi, ile ya juzi niliiandika kwa haraka. Akasema nzuri hataki. Nzuri ameziona kumi kwenye kitabu, kila moja ni ya mtu yeyote. Yeye anataka ya binti yake. Nikasema basi aniambie alivyokuwa utotoni, alipenda nini. Naijua kazi, ndivyo unavyowatoa maneno wateja. Akanikata palepale.

Akasema: "Alinipigia simu akiwa njiani kwenda duka la dawa. Hilo hukulijua."

Sikulijua.

"Aliniambia mmeachanaje mlangoni. Neno kwa neno."

Mkono wangu ulikuwa juu ya trei. Waya zile zimeacha alama kwenye kiganja, naziona mpaka sasa ninapoandika.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, ningemjibu, Mungu anisamehe, nilishaanza kupanda: yeye ndiye aliyepiga simu! Yeye ndiye mwenye dawa zisizoisha kuisha! Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia hivyo kichwani nikiwa nanyoa ndevu. Sijui kama ilionekana usoni. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni, kwamba siku ile dawa zake zilikuwa zimebaki za siku mbili. Angeweza kungoja Jumapili. Alitaka tu kumwona mtoto wake, akatumia dawa kama kisingizio.

"Hayo ni yangu," amesema. "Nimeyasema. Yako yako wapi?"

Nikakinyoosha kitabu cha sampuli mezani, kikae sawa. Mtu wa maneno!

Akasema lipo jambo jingine. Binti yake alimwambia nilichosema mimi, na akamwambia atakalonijibu akirudi nyumbani. Alikuwa amelipanga tayari, alikuwa analicheka peke yake barabarani. Jibu hilo analo yeye. Amekaa nalo mwaka mzima akinisubiri nije nilichukue, na mimi namletea sukari kwa mkono wa shemeji.

Nikamwambia, mama, niambie. Nadhani nilipaza sauti. Bosi alichungulia mlangoni, akarudisha kichwa.

Akatikisa kichwa. Taratibu kabisa. Akasema jibu halitolewi kabla ya swali. Niandike kwanza nilichomwambia. Kwa mkono wangu, kwenye karatasi yao hiyo yenye kingo za kijivu. Si kwa ajili ya kuwagawia watu, watu tutawapa nuru ya nyumba na kelele zote za juzi. Hii ni ya kwake na yangu.

Nimekasirika. Naandika nimekasirika na wino unatapakaa. Kwa nini anione? Kwa nini anifanyie biashara kwa neno la mke wangu? Mwaka mzima amelala nalo chini ya mto wake na mimi nalala na langu, mitaa mitatu tu kati yetu! Angetuma hata kwa shemeji. Sentensi moja, shemeji angeimudu.

Na mimi ningekwenda. Ni mitaa mitatu.

Amenikatiza sasa hivi. Amesema kadi haina kurasa nne, anaona ninavyogeuza. Amesema nisijifanye.

Sawa. Nimechukua karatasi nyingine. Nimeandika. Maneno manne tu, na "na" ikiwemo. Kisha nimeyakata, mistari mitatu, minne, mpaka karatasi imechubuka.

Ameona. "Hicho ulichokikata," amesema, "ndicho nilichokuja kusoma."

Ameweka mkoba chini. Amenyoosha mkono juu ya meza, kiganja kimefunguka, na hauondoi. Karatasi iko chini ya mkono wangu wa kushoto. Naandika kwa wa kulia. Anasema mkono unamwuma, mkwe wangu, nifanye haraka